Kurejesha Vizigeu vya Diski Ngumu Baada ya Kirusi cha Sekta ya Kwanza: Maelezo kwa Watunzaji wa Matini za Kiswahili cha Lubumbashi

1.0 Utangulizi

Sehemu kubwa ya Kiswahili cha Lubumbashi imehifadhiwa katika kanda za sauti na katika karatasi zilizopigwa taipu kuliko katika vitabu vilivyopigwa chapa. Mfano ujulikanao zaidi ni historia ya mji iliyoandikwa na André Yav mwaka 1965 kwa niaba ya chama cha watumishi wa nyumbani, ambayo wataalamu huiita Vocabulaire ya Elisabethville. Mifano mingine ni mazungumzo aliyoyarekodi Johannes Fabian alipokuwa akifundisha mjini humo katika miaka ya 1972 hadi 1974, na michezo ya kundi la Mufwankolo iliyochapishwa na Walter Schicho na Mbayabo Ndala mwaka 1981.

Tangu kompyuta zilipoenea katika idara za lugha, kazi ya kunukuu kanda za namna hii imehamia katika diski ngumu. Saa moja ya mazungumzo huhitaji saa nyingi za kusikiliza na kuandika, na matokeo yake ni faili moja tu. Faili hiyo ikipotea, mtafiti hawezi kuiandika upya kwa kukumbuka. Anaweza kukumbuka habari aliyoisimulia mzee wa Katuba au wa Kamalondo, lakini hawezi kukumbuka kama mzee huyo alisema bintu au vitu, wala mahali alipoingiza neno la Kifaransa na mahali alipolikwepa. Kwa mwanaisimu, kilichopotea hapo ndicho hasa kilichokuwa kikitafutwa.

Makala haya yanaeleza aina moja ya upotevu ambayo huonekana kubwa kuliko ilivyo: ule unaotokea pale kirusi kinapoharibu sekta ya kwanza ya diski na vizigeu vyote vikaonekana kuwa vimetoweka. Madhumuni yake ni kuonyesha kwamba katika hali hiyo matini kwa kawaida bado zimo, na kwamba mara nyingi anayezifuta kabisa si kirusi bali ni mtu anayeharakisha kuziokoa.

2.0 Istilahi

Kabla ya kuendelea yafaa kufafanua maneno machache. Sekta ni kipande kidogo kabisa cha diski ambacho kompyuta husoma au kuandika kwa mara moja. Kwa desturi kina baiti 512. Kizigeu, ambalo kwa asili ni neno la kiambaza au pazia linalogawa chumba, hapa lina maana ya sehemu ya diski iliyotengwa ili ihesabiwe kama diski inayojitegemea. Jedwali la vizigeu ni orodha inayoonyesha kila kizigeu kinaanzia wapi na kina urefu gani.

Neno kirusi lina historia fupi ya kuvutia. Neno la Kilatini virus lilipoingia katika Kiswahili kwa umbo la virusi, silabi yake ya kwanza ilichukuliwa kuwa kiambishi cha wingi, na umoja ukazaliwa: kirusi. Ndivyo neno la Kiarabu kitab lilivyopata wingi wake, vitabu. Wapo wasemaji wanaotumia virusi kwa umoja na kwa wingi. Makala haya yanafuata mgawanyo wa kirusi na virusi.

3.0 Muundo wa sekta ya kwanza

Kompyuta ya mtindo uliotawala tangu miaka ya 1980, inapowashwa, husoma kwanza sekta moja tu ya diski, yaani ile ya mwanzo kabisa. Baiti 512 za sekta hiyo zimegawanywa katika mafungu matatu. Baiti 446 za kwanza ni programu fupi ya kuanzisha kazi. Baiti 64 zinazofuata ni jedwali la vizigeu, lenye nafasi nne za baiti 16 kila moja. Baiti 2 za mwisho ni muhuri: 55 na AA katika hesabu ya msingi wa 16. Muhuri usipokuwapo, kompyuta huihesabu sekta hiyo kuwa si halali.

Katika kila nafasi ya jedwali huandikwa kama kizigeu ndicho cha kuwashia mashine, ni cha aina gani, kinaanzia sekta ya ngapi na kina sekta ngapi. Hakuna zaidi. Majina ya mafaili, tarehe zake na maneno yaliyomo hayamo katika sekta hii; yamo ndani ya vizigeu vyenyewe, mbali na hapo. Kwa hiyo baiti 64 zikifutwa, diski yenye maelfu ya kurasa itaonekana tupu ingawa hakuna ukurasa hata mmoja ulioguswa.

Jambo la pili la kukumbuka ni kwamba katika diski za zamani kizigeu cha kwanza kilianza baada ya mzingo wote wa kwanza wa diski, ambao ulihesabiwa kuwa na sekta 63. Sekta ya kwanza ilitumika kama ilivyoelezwa, na 62 zilizobaki kwa kawaida ziliachwa wazi. Uwanja huo mtupu ndio uliokuwa maficho ya virusi.

4.0 Namna virusi vilivyofanya kazi

Kirusi cha kwanza cha kompyuta za aina ya IBM kilichoenea sana, Brain, kiliandikwa na ndugu wawili mjini Lahore, Pakistani, mwaka 1986. Kilishambulia disketi peke yake. Stoned, kilichotokea New Zealand mwaka 1987, kiliingia pia katika diski ngumu. Michelangelo kiligunduliwa mwaka 1991, na Monkey kilifuata muda mfupi baadaye.

Njia ya kuambukiza ilikuwa moja. Kila disketi, hata ile isiyo na mfumo wa kuendesha mashine, ina sekta ya mwanzo yenye programu fupi. Mtu alisahau disketi ndani ya mashine, akaizima. Alipoiwasha kesho yake, mashine ilisoma disketi kabla ya diski ngumu. Maandishi yalipotokea kumwambia kwamba disketi hiyo si ya kuwashia, kirusi kilikwisha kuingia. Mahali ambapo watu wengi walitumia mashine moja na disketi zilihama kutoka mkono hadi mkono, kama ilivyokuwa kawaida katika vyuo vikuu, disketi moja iliweza kuambukiza idara nzima.

Kirusi kilipofika katika diski ngumu, kilichukua sekta ya kwanza halali, kikaihamishia katika uwanja mtupu wa mzingo wa kwanza, kisha kikakaa mahali pake. Stoned na Michelangelo viliiweka katika sekta ya saba ya mzingo huo. Monkey kiliiweka katika sekta ya tatu, tena kwa kuificha: kila baiti ilibadilishwa kwa kuunganishwa na namba 2E kwa kanuni ya hesabu ambayo, ikirudiwa, hurudisha baiti ya asili. Zaidi ya hayo, Monkey hakikuacha jedwali katika sekta ya kwanza. Mashine ilipowashwa kwa diski yake yenyewe, kirusi kilijibu maswali yote kuhusu vizigeu kwa kusoma nakala iliyofichwa, na mtumiaji hakuona dosari yoyote. Ilipowashwa kwa disketi safi, kirusi hakikuwapo cha kujibu, na vizigeu vikatoweka.

Hapo ndipo hasara nyingi zilipotokea. Dawa iliyokuwa ikipendekezwa kwa virusi vya aina hii ilikuwa amri ya FDISK /MBR ya mfumo wa DOS. Amri hiyo huandika upya programu ya baiti 446 na kuliacha jedwali lilivyo. Kwa Stoned, mara nyingi ilifaa, kwa kuwa jedwali lilikuwa bado mahali pake. Kwa Monkey, iliondoa kitu pekee kilichojua jedwali la asili lilikofichwa. Ilibidi iandikwe programu maalumu, KILLMONK, iliyotoka Chuo Kikuu cha Alberta nchini Kanada, ili kuitafuta nakala hiyo na kuirudisha.

Vilikuwapo pia virusi vilivyokusudia kuharibu. Michelangelo, kila tarehe 6 Machi, kiliandika takataka juu ya eneo kubwa la mwanzo wa diski. CIH, ambacho si kirusi cha sekta ya kwanza lakini matokeo yake yanafanana, tarehe 26 Aprili 1999 kilijaza sufuri katika megabaiti ya kwanza ya diski nyingi duniani. Hata hapo, diski kubwa za mfumo wa FAT32 ziliweza kuokolewa mara nyingi, kwa sababu mfumo huo hutunza orodha mbili za mahali mafaili yalipo, na orodha ya pili ilikuwa mbali kuliko kirusi kilivyofikia.

5.0 Hatua za kurejesha

Hatua zifuatazo zinaihusu diski ya zamani iliyofunguliwa leo baada ya kukaa kabatini na kuonekana tupu, na pia diski ya karibuni iliyopoteza jedwali lake kwa sababu yoyote.

(a) Kuacha kuandika. Mashine izimwe. Mfumo wa Windows ukiuliza kama diski ifomatiwe, jibu ni hapana. Programu za kurekebisha makosa ya diski zisiendeshwe, kwa kuwa nazo huandika. Hatua hii haina gharama na haihitaji utaalamu, lakini ndiyo inayoamua kama nyingine zitafaulu.

(b) Kutambua chanzo. Si kila kizigeu kinachopotea kimeharibiwa na kirusi. Umeme ukikatika wakati sekta ya kwanza inaandikwa, jambo ambalo wakazi wa Lubumbashi hawahitaji kuelezwa, matokeo yanaweza kuwa yale yale. Kama mashine haiitambui diski kabisa, au diski inagonga-gonga, tatizo ni la chombo chenyewe. Hapo isiwashwe tena na tena, bali ipelekwe kwa fundi.

(c) Kuwasha kwa chombo safi. Mashine iwashwe kwa diski ya CD au kwa flashi yenye mfumo wa Linux, wala si kwa diski iliyoathirika. Kirusi hakina nguvu mpaka programu yake iendeshwe. Sekta zake zikisomwa tu kama data, ni namba kama namba nyingine.

(d) Kunakili diski nzima. Diski yote inakiliwe sekta kwa sekta, pamoja na sehemu zinazoonekana tupu, katika diski nyingine isiyo ndogo kuliko hiyo. Programu huria ya GNU ddrescue hufanya kazi hii na huweza kuruka sehemu mbovu na kuzirudia baadaye. Kuanzia hapa kazi yote ifanywe juu ya nakala, na diski ya asili iwekwe kando.

(e) Kutafuta nakala ya sekta ya kwanza. Sekta 62 za mzingo wa kwanza zikaguliwe. Ikiwa mojawapo ina muhuri wa 55 AA mwishoni, na kabla ya muhuri huo kuna nafasi nne zenye sura ya jedwali, yumkini ndiyo sekta ya asili. Ikiwa ni kazi ya Monkey, sura hiyo itaonekana baada ya kila baiti kufumbuliwa kwa namba 2E.

(f) Kutafuta mipaka yenyewe. Nakala isipopatikana, jedwali huundwa upya kutokana na vizigeu vyenyewe, maana kila kizigeu hubeba alama zake. Sekta ya mwanzo ya kizigeu cha FAT au NTFS ina jina la mfumo wake, ina muhuri wa 55 AA, na hutaja idadi ya sekta za kizigeu hicho. Ichukuliwe kwamba alama hizo zimeonekana katika sekta ya 63, kwa kuhesabu kuanzia sufuri, na kwamba humo imeandikwa idadi ya sekta 4,192,902. Kwa kujumlisha, kizigeu hicho kinaishia sekta ya 4,192,964, na sekta ya 4,192,965 ndipo pa kuanza kutafuta cha pili. Sekta hiyo ya mwanzo ikiwa imeharibika, mfumo wa FAT32 kwa kawaida huweka nakala yake sekta sita mbele, na NTFS huiweka katika sekta ya mwisho kabisa ya kizigeu. Programu huria ya TestDisk, iliyotungwa na Mfaransa Christophe Grenier, hufanya utafutaji huu wote yenyewe na kuonyesha orodha ya vizigeu ilivyovipata.

(g) Kuhakikisha kabla ya kuandika. TestDisk huweza kuonyesha mafaili yaliyomo katika kizigeu kabla jedwali halijaandikwa. Majina yakionekana sawasawa, mafaili yanakiliwe kwanza katika chombo kingine. Jedwali liandikwe baadaye. Diski iliyogawanywa upya mara kadhaa huweza kuwa na alama za vizigeu vya zamani, na mipaka miwili ikigongana, mmoja ni wa uongo. Ni majina ya mafaili, si alama peke yake, yanayothibitisha upi ni wa kweli.

6.0 Pale majina yanapopotea

Ikiwa orodha za ndani ya kizigeu nazo zimeharibika, kunabaki njia ya mwisho: kutafuta mafaili kwa sura ya mwanzo wake bila kutegemea orodha yoyote. Programu ya PhotoRec, mwenzake TestDisk, hufanya hivyo. Inachorudisha kwa kawaida hakina majina ya asili wala mpangilio. Mtafiti hupokea mamia ya mafaili yenye namba tu, na hana budi kuyasoma moja moja ili atambue msemaji ni nani na mazungumzo yalifanyika wapi.

Kazi hiyo si ngeni kwa wanafunzi wa Kiswahili cha Lubumbashi. Matini ya Yav ilipigwa taipu kwa namna ambayo maneno mara yaliunganishwa, mara yalikatwa katikati, na alama za vituo zilikuwa haba. Herufi zote zilikuwapo. Kilichokosekana ni mipaka. Fabian aliirejesha kwa msaada wa Kalundi Mango, mzungumzaji wa lugha hiyo, aliyeisoma kwa sauti mpaka maneno yakajitenga yenyewe. Kazi hiyo ilichapishwa mwaka 1990. Programu huweza kutambua mwanzo wa faili, lakini kutambua kwamba faili fulani ni mahojiano fulani ni kazi ya anayeijua lugha na wasemaji wake. Kwa sababu hiyo, jina la msemaji, mahali na tarehe viandikwe ndani ya kila matini, katika mistari yake ya kwanza, wala visiachwe katika jina la faili peke yake.

7.0 Kinga

Virusi vya sekta ya kwanza vilififia disketi zilipoacha kutumika. Kompyuta za siku hizi hutumia mpangilio mpya wa vizigeu, GPT, ambao huweka jedwali mwanzoni mwa diski na nakala yake mwishoni, na nyingi hukagua saini ya programu ya kuwashia kabla ya kuiendesha. Hata hivyo hatari haijaisha. Tarehe 27 Juni 2017 programu haribifu ya NotPetya, iliyoanzia Ukraine, iliandika juu ya sekta ya kwanza ya kompyuta nyingi na kufumba orodha za mafaili kwa ufunguo usiorudishika. Kampuni ya meli ya Maersk ililazimika kuunda upya kompyuta 45,000 na seva 4,000. Nakala pekee ya orodha kuu ya watumiaji wa mtandao wake ilipatikana Ghana, katika mashine iliyokuwa imezimika kwa sababu umeme ulikatika kabla ya shambulio. Mashine hiyo ilisalimika kwa kuwa haikuunganishwa na nyingine wakati ule.

Funzo lake kwa idara yenye mashine chache ni rahisi. Matini ziwekwe katika nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na nakala moja ikae nje ya jengo, isiyounganishwa na kompyuta yoyote. Matini zilizokamilika zichapishwe pia katika karatasi. Jedwali la vizigeu nalo linaweza kuhifadhiwa: mfumo wa DOS 5.0 wa mwaka 1991 ulikuwa na amri ya MIRROR iliyoliweka katika disketi na amri ya UNFORMAT iliyolirudisha. Hata pasipo programu, jedwali la mtindo wa zamani ni baiti 64, yaani mistari minne ya tarakimu 32, na laweza kunakiliwa kwa kalamu katika daftari la idara.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba kutoweka kwa vizigeu na kupotea kwa matini ni mambo mawili tofauti. La kwanza hutokea katika sekta moja na, mara nyingi, huweza kutenguliwa. La pili hutokea pale ambapo kitu kingine kinaandikwa juu ya matini zenyewe. Kati ya hayo mawili kuna muda, na katika muda huo aliye mbele ya mashine ndiye anayeamua. Kanda nyingi za zamani huchakaa, na wazee waliorekodiwa katika miaka ya 1970 wengi wao hawapo tena kuulizwa. Nakala iliyomo katika diski inayoonekana tupu yaweza kuwa ndiyo pekee iliyobaki ya sauti zao. Diski ya namna hiyo isifomatiwe wala kutupwa kabla ya kunakiliwa na kukaguliwa.